Chui wa Kamera Namba Nne

Nilipofungua zipu ya mkoba wa kamera wa Papa, kilichotoka kwanza ni harufu ya ndagala. Haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, imechanganyika na vumbi na betri zilizovuja, lakini pua yangu haikuhitaji kubahatisha. Mama alikuwa ameniita kwake Berea, Johannesburg, nimsaidie kupanga vitu vya marehemu, maana jamaa walishaanza kuuliza kwa upole nani atachukua suti. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati, na harufu ile ikanifanya nifunge zipu haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mwenye zamu bado yumo ndani.

Ndagala wale, dagaa wa ziwa letu la kule nyumbani, niliwatia mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kumwambia mtu.

Papa, kama tunavyowaita baba zetu sisi tuliotoka Kongo, alikuwa mpiga picha. Kule Uvira alikuwa na studio yenye pazia la bluu, ua la plastiki na koti moja jeusi ambalo nusu ya mji ililivaa kwenye picha zao za kitambulisho. Johannesburg ilimfanya mlinzi. Alilinda geti la hifadhi moja kusini mwa jiji, vilima vya mawe na nyasi ambavyo ukipanda juu unauona mnara wa Hillbrow na lile jengo refu la duara lililotuzibia jua asubuhi nyumbani kwetu. Watu wa mjini hawakuamini kwamba kule kuna chui. Hata Mama hakuamini mpaka alipoonyeshwa picha.

Aliyemtoa Papa getini ni Dokta, mtafiti wa wanyama, mwanamke mrefu mwenye kofia iliyotoboka, aliyekuwa akiwafuatilia chui kwa kamera zilizofungwa kwenye nguzo, zinazopiga zenyewe kila kitu kinapopita mbele yao. Siku moja alimkuta Papa akiigeuza kamera mojawapo kidogo ili jua lisiipige usoni. Badala ya kumfokea, alimuuliza amejifunzia wapi. Tangu hapo Papa aliendelea kukagua uzio kila asubuhi, lakini Jumamosi akawa mtu wa kamera: anabadilisha kadi na betri, kisha siku za katikati ya juma anakaa ofisini kwa Dokta kuzichambua picha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii nimsikie akitaja kazi bila kuguna.

Jumamosi Mama alikuwa akisuka nywele saluni kutwa, kwa hiyo Papa alinichukua. Alinifundisha kuijia kamera kwa nyuma, kufungua kisanduku chake, kutoa kadi na kutia nyingine. Kadi iliyotoka aliitia kwenye kamera yake mwenyewe, ile ndogo aliyotoka nayo nyumbani, tukaangalia pamoja kwenye kioo chake kidogo. Nyasi, nyasi, nyasi. Nungu. Nyasi. Papa mwenyewe na fimbo yake akikagua uzio. Nyasi tena. Halafu, ghafla, chui, amejaa kioo kizima, anapita taratibu na bega lake limenyanyuka, sikio la kushoto limechanika.

Alikuwa na sheria mbili alizotoka nazo studio. Ya kwanza, picha haifutwi. Ya pili, picha ni ya mwenye sura, haiwi kamwe ya mwenye kamera. Zile ambazo wenyewe walichelewa kuzifuata aliziweka kwenye boksi la viatu, na nyuma ya kila moja aliandika jina la mtu na maneno "bado hajachukua". Mtu akija, anayakata maneno yale kwa mstari mmoja, anaandika "amechukua". Tulipokimbia vita boksi lilibaki juu ya kabati. Papa aliizungumzia nyumba yetu mara chache sana. Boksi lile alilitaja kila mara.

Nikija kwenye chui mwenyewe, lazima nieleze mwiko wa kwetu. Ukoo wa Papa na chui ni ndugu. Huwezi kumuua, huwezi kukalia ngozi yake, na ukimwona hulitaji jina lake mbele yake, bali unamsalimu kama unavyomsalimu aliyekutangulia kuzaliwa. Kwa hiyo kila chui yule alipotokea kwenye kioo, Papa alivua kofia.

"Jambo, Mukubwa," alisema.

"Who's Mukubwa?" niliuliza. Wakati huo Kiswahili nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, jambo lililomkera Mama kuliko sufuria kuungua.

"Ni mukubwa yangu. Tumbo moja, miye na yeye."

Mama, ambaye ni mtu wa kanisa, aliyaita hayo mambo ya giza. Mimi niliyaita habari. Mtu mzima alikuwa ameniambia kwamba huyu ni ndugu yake wa tumbo moja, na sikuona sababu ya kubisha.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Kamera namba nne ilikuwa kwenye njia nyembamba kati ya mawe mawili, karibu na uzio. Chini ya kila picha imeandikwa saa. Papa alipita pale kila asubuhi saa mbili na dakika kadhaa. Mukubwa alipita karibu na saa tatu. Kila siku, kadi baada ya kadi, mmoja kisha mwingine, na hata mara moja sikuwaona pamoja. Nilimuuliza kwa nini hawakutani. Papa alicheka mpaka akakohoa.

"Tunapeana zamu," alisema. "Miye nikitoka, yeye anaingia. Kazi ya ulinzi iko vile, mutoto wangu."

Mzaha ule nauelewa leo. Siku ile niliupokea mzima mzima, nikaondoka nao.

Halafu, katikati ya baridi, wakati shule zimefungwa na nyasi za kule zimekuwa rangi ya mkate, Papa hakurudi nyumbani. Siku ya kwanza Mama alisema amelala kazini. Siku ya pili alikuwa kwenye simu tangu asubuhi, mlango umefungwa, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza Papa yuko wapi.

"Papa yako iko mu pori. Kazi ya chui imekuwa mingi."

Jibu hilo lingenitosha kama lingekuwa peke yake. Lakini Jumapili kanisani, pale ghorofani Jeppestown, nilimsikia akiwaambia akina mama kwamba mumewe ameenda Durban kumwona ndugu. Na Dokta alipopiga simu Mama aliniita nimtafsirie, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa Kiingereza cha nywele: urefu, rangi, inauma, haiumi. Akaniambia nimweleze Dokta kwamba Papa ana malaria. Nikamweleza. Dokta akasema pole sana, Themba wa pikapu atashika kazi ya uzio kwa muda, ila kadi za Jumamosi zisipobadilishwa itabidi atafute mtu mwingine.

"Mwambie miye nitaenda," alisema Mama.

Nilimtazama. Mama aliogopa hata njiwa wa balkoni.

"Mwambie!"

Kwa hiyo Papa alikuwa mahali patatu kwa wakati mmoja: porini, Durban, na kitandani na malaria. Kitanda nilikiona kila siku, hakikuwa na mtu. Durban sikuijua. Pori nililijua. Niliamua kusubiri Jumamosi, nikiwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilivaa viatu vya shule bila soksi na hakuna aliyeniambia kitu.

Tulipofika, Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kwa sababu kazi ni kazi. Themba alitupeleka na pikapu kutoka kamera hadi kamera, anazungumza peke yake kwa Kizulu na Kiingereza, mtu mwema asiyependa kimya. Niliangalia huku na huku, kila mti, kila jiwe. Papa hakuwepo. Kwenye kamera namba nne gari halipandi, inabidi kutembea hatua ishirini kutoka barabarani. Mama aliangalia yale mawe, akaangalia zile nyasi, akanipa betri.

"Wewe unajua kuifungula. Enda. Tunakuona."

Nikaenda peke yangu. Nikarudi na kadi, nikaitia kwenye kamera ya Papa, nikaanza kubonyeza. Nyasi, nyasi. Tangu siku aliyopotea, Papa hakuwepo tena hata kwenye picha, wala Themba, maana yeye aliukagua uzio kwa gari. Lakini saa mbili na dakika kumi, saa ya Papa, Mukubwa alipita. Saa tatu, saa yake mwenyewe, akapita tena. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Alikuwa anafanya zamu zote mbili.

"Unaona nini mule?" Mama aliuliza.

Nilimwonyesha. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, mkono mdomoni, na chozi likamtoka. Leo najua alikuwa anaitazama kazi ya mume wake, kitu alichokipenda, kikiendelea bila yeye. Siku ile nilielewa kitu kingine kabisa. Mama aliniambia Papa yuko porini. Tumekuja porini. Porini yuko mmoja tu. Na huyo mmoja Mama akimwona analia.

Sitaki kusema kwamba niliamini moja kwa moja. Niliamini kwa vipindi. Asubuhi nikipiga mswaki nilijua kabisa kwamba mtu hawi chui. Jioni, nikitazama ndoano yake pale mlangoni ikiwa na sweta yake ya kazi, nilijua kwamba wa kwetu anaweza. Nilitamani kumuuliza Mama, lakini Mama alishanionya niache kumfuata na maulizo, na kama alitaka kunificha kwamba mumewe amegeuka, niliona ana haki ya kuona aibu.

Swali lililobaki lilikuwa la chakula. Papa hakuwahi kupenda nyama mbichi. Alipenda ndagala. Jumamosi iliyofuata nilichota konzi mbili kutoka kwenye kopo la Mama, nikazitia mfuko wa pembeni wa mkoba wa kamera, na nilipokwisha kubadilisha kadi kwenye namba nne niliziweka juu ya jiwe bapa mbele yake. Nilijua kamera itanipiga. Sikujali sana, mpaka juma lililofuata nilipoiona picha yenyewe kwenye kioo: mimi, nimeinama, nashikashika samaki. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Lakini picha haifutwi. Nikabonyeza kwenda mbele, na picha iliyofuata ilikuwa Mukubwa, mchana kweupe, analamba jiwe.

"Unaona nini?" Mama aliita kutoka barabarani.

"Grass!" nilimjibu. Nyasi.

Kadi tuliziweka kwenye bahasha, na bahasha kwenye droo ya Dokta kumsubiri Papa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kupita kwenye nyasi zote zile. Nilijua kwamba ndani ya droo ile nimo mimi na samaki zangu, na siku yoyote mtu ataniona. Hofu ile niliibeba kwa miaka.

Siku hiyo niliacha ndagala wengine. Na Jumamosi iliyofuata, ya tatu ya ndagala, nilipeleka sweta. Nilikuwa nimelifikiria hilo kwa makini sana. Siku Papa atakapogeuka kurudi kuwa mtu atakuwa hana nguo. Atapanda teksi vipi hadi mjini? Niliitoa sweta kwenye ndoano, nikaificha chini ya koti langu, na pale kamera namba nne nikaikunjua mbele ya jiwe, mikono nimeitandaza vizuri ili aione. Niliporudi barabarani Themba alikuwa anamchekesha Mama. Aliponiona, Mama alisema tu kwamba nimechelewa.

Katikati ya juma lile Mama aliitafuta sweta chumba kizima. Nilimsaidia kuitafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye.

Jumamosi ya mwisho tulikuta geti limejaa watu. Kulikuwa na gari lenye kizimba cha chuma nyuma yake, na ndani ya kizimba, juu ya turubai, amelala Mukubwa, amechomwa dawa ya usingizi. Jicho moja halikufunga vizuri. Ulimi ulikuwa nje. Shingoni walikuwa wamemvalisha mkanda mpana. Dokta alikuja kunieleza kwa sauti ya chini, akidhani nina huruma tu ya mtoto, kwamba siku hizi chui amekuwa akikaa karibu na uzio mchana kutwa, hajui kwa nini, na ng'ambo ya uzio kuna nyumba, na mbwa wawili wamepotea. Anampeleka mbali, mahali salama, ambako kuna uzio mrefu.

Mimi nilijua kwa nini.

Sikumbuki nilivyofika kwenye kizimba. Nakumbuka ubaridi wa zile nondo, na sauti yangu. Mimi, mtoto ambaye hakuwahi kufungua kinywa kwa Kiswahili, nilipiga kelele za Kiswahili kitupu.

"Papa! Amuka! Papa, banakupeleka! Amuka!"

Hakuna aliyenielewa isipokuwa Mama. Alinifikia, akanishika mabega, akanitazama usoni, kisha akamtazama yule mnyama, kisha mimi tena. Nikaona jinsi jambo lilivyomwingia. Aliketi chini, palepale kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri. Alianza kwa kucheka. Haikuendelea kuwa kicheko.

"Ile si papa yako," alisema. "Wee mutoto. Ile si papa yako! Papa yako iko mu kifungo. Walimukamata ku robot, ku taa za barabara, juu ya makaratasi. Makaratasi ilipita tarehe. Sikukuambia juu utaenda kusema ku masomo."

"Anasema nini?" Dokta aliniuliza. "Kuna tatizo? Baba yako hajambo?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama pia alinitazama, machozi yamemjaa, na alikuwa ameshasema lililokuwa kweli kwa lugha ambayo mimi tu ndiye ningeweza kuivusha. Nilielewa jambo moja tu katika asubuhi ile nzima: Dokta akijua, Papa hana kazi tena.

"Anasema bado ana malaria," nilimjibu. "Anasema atapona tu."

Leo kazi yangu ni kutafsiri hospitalini, kati ya wagonjwa wanaosema Kiswahili cha kila namna na madaktari wasiokijua. Nimekula kiapo cha kusema yaliyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ile ya getini ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza mbele za watu, na ilikuwa uongo mtupu, na sijaijutia.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya kuambiwa ukweli niliwekwa sawa. Hapana. Niliambiwa ukweli na mtu yuleyule aliyeniambia pori, Durban na malaria, kwa hiyo ulikuwa jibu la nne tu. Na Papa aliporudi, majuma machache baadaye, hakunisaidia. Alirudi amekonda, kwenye kifundo cha mkono ana alama ya mkanda wa plastiki waliomvalisha kifungoni. Nilimuuliza walimpeleka wapi.

"Mbali," alisema. "Kuna uzio murefu. Tulikuwa tunalala wengi."

Niliutazama mkono wake.

Siku ya kwanza aliporudi kutoka kazini alikuwa amevaa sweta. Sweta ile, imejaa mbegu za porini zile nyeusi zinazong'ang'ania, na mkono mmoja umechanika. Mama alisema kumbe uliiacha kazini siku zote hizi, nami nimeitafuta mpaka chini ya godoro. Papa alisema ndiyo. Alisema ndiyo bila kunitazama.

Halafu akakaa siku mbili tatu ofisini kwa Dokta, na zile kadi za kwenye droo. Jioni moja alirudi kabla ya saa yake, akaketi kitandani na viatu vyake, akaniita. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kama anatafuta jeraha. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Wewe hautaenda tena kule," alisema. "Hata siku moja."

"Lakini Papa..."

"Nimesema."

Sikwenda tena. Alifanya kazi kule miaka mingi, akapata karatasi zake, akazeeka na zile kamera, na kila Jumamosi nilibaki saluni kufagia nywele za watu. Nilikuwa na hakika kwamba ameniona kwenye picha na samaki zangu, akaelewa ni mimi niliyemleta Mukubwa kwenye uzio na kumtia kizimbani, na kwamba hatanisamehe kumwondolea ndugu yake. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kucheka mambo ya kugeuka chui, bado hilo halikuchekesha. Likawa hasira. Nilijiambia, mtoto wa miaka tisa alijaribu kukulisha, na wewe ukamfungia mlango. Tulizungumza, tulikula pamoja, nilimpeleka kliniki kwenye ugonjwa wake wa mwisho na kumtafsiria kila neno. Lakini hasira ile ilikuwepo, na amekwenda kaburini bila mimi kuitoa.

Nilifungua zipu mara ya pili. Mfuko wa pembeni ulikuwa na vichwa vitatu vinne vya ndagala, vyepesi kama makapi, na chini yake bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha moja, imechapishwa kwenye karatasi nzuri, ile nene ya studio.

Nilijitambua kwa viatu vya shule. Nimepiga magoti mbele ya jiwe, jua la asubuhi liko begani, naitandaza mikono ya sweta kwa uangalifu wa mtu anayemtandikia mgeni. Hii ilikuwa kadi ya Jumamosi ile ya tatu, ambayo sikuwahi kuiangalia. Niliitazama sura yangu, niliitazama sweta. Ni baadaye, nilipoileta picha karibu na macho, ndipo nilipoona kwamba nyasi zilizo nyuma ya mgongo wangu si nyasi zote. Hatua nne, labda tano. Bega lililoshuka chini. Sikio la kushoto lililochanika. Macho mawili, yametulia kabisa, yananitazama.

Niligeuka. Nilikuwa nimepiga magoti vilevile mbele ya kabati, na niligeuka nyuma kwa kasi nikagonga kiwiko. Alikuwa Mama, amesimama mlangoni na kikapu cha nguo.

"Umeona nini mule?" aliuliza.

Nilimpa picha. Aliipeleka dirishani, akavaa miwani. Kwa muda alikuwa anatabasamu, kwa sababu aliniona mimi tu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Miye nilikuwa ku barabara," alisema polepole. "Na Themba. Nilikuwa nacheka." Akavua miwani, akaivaa tena. "Ni miye nilikutuma. Papa yako aliona hii, na hakuniambia. Miaka yote. Hakuniambia hata siku moja."

Nilimfikiria Papa peke yake ofisini kwa Dokta, anabonyeza nyasi, nyasi, nyasi, mpaka anafika hapo. Akijua mtoto yuko hai, yuko nyumbani anakula, na bado anashindwa kubonyeza kwenda mbele. Nilimfikiria akikaa kitandani na viatu. Nilikuwa nimeusoma ule mtetemeko wa mikono yake kama hasira, mimi ninayelipwa kuelewa watu. Niliona uchungu, nikaona aibu, nikalia kwa sauti kama mtoto.

Yule chui sijui alitaka nini. Dokta angeweza kunieleza, umbali ule, bega lile, watu kama yeye wanajua kuvisoma. Sitamuuliza. Siku nyingine nikiitazama picha naona mnyama aliyekuwa tayari kuruka. Siku nyingine naona mtu anayesubiri kwa adabu mtoto amalize kutandika nguo yake. Nimeshakubali kwamba nitaishi na vyote viwili.

Mama ndiye aliyeigeuza picha. Nyuma, kwa mwandiko wa Papa, ule wa kulala kidogo upande wa kulia, kulikuwa na jina langu, na chini yake maneno "bado hajachukua".

"Leta kalamu, Mama," nilisema, kwa Kiswahili.

Akaenda kuitafuta. Nikayakata maneno yale kwa mstari mmoja, kama alivyokuwa akifanya Papa, nikaandika "amechukua".